Poti ya USB imekufa kweli? Iulize BIOS kwanza

Unachomeka flashi kwenye kompyuta yako, kimya. Unaijaribu kwenye mashine ya jirani, inasoma bila shida. Hapo wengi wetu hukimbilia kwa fundi, na akishasema "poti imekufa, huenda ni mazabodi", unaanza kupiga hesabu ya hela. Ngoja kwanza. Kuna kipimo cha bure kinachoweza kukuonyesha kama shida iko kwenye kifaa chenyewe au kwenye programu tu.

Sasa, BIOS ni nini? Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, prosesa haijui chochote kuhusu Windows. Inaanza kwa kusoma programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya mazabodi. Programu hiyo ndiyo inayokagua memori, kibodi na diski, halafu inaikabidhi Windows kazi. Jina BIOS lilianza miaka ya 1970 kwenye mfumo wa CP/M wa Gary Kildall, likaenea na kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981. Mashine za siku hizi zina mrithi wake, UEFI, ila wengi bado tunaiita BIOS.

Jambo la maana ni hili: ukiwa ndani ya BIOS, Windows bado haijaamka, na draiva zake pia zimelala. Kwa hiyo poti ikifanya kazi humo halafu ikagoma kwenye Windows, wa kumshuku kwanza ni Windows.

Kupima ni hivi. Chomeka kibodi ya USB kwenye poti unayoishuku, kisha washa mashine huku ukigonga kitufe cha kuingilia: mara nyingi F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, na Delete kwa kompyuta nyingi za mezani. Windows ikikuwahi, shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha fuata Troubleshoot, Advanced options, UEFI Firmware Settings. Ukishaingia, bonyeza mishale ya ile kibodi ya USB.

Mishale ikisogea, poti ina uhai. Rudi Windows ushughulike na draiva. Lakini angalia: poti ya USB 3 ina pini 9, na kibodi inatumia 4 tu. Hivyo kibodi inaweza kufanya kazi ilhali njia za kasi zimekufa.

Isiposogea, usikate tamaa bado. Kwa kutumia kibodi ya laptopu yenyewe, au poti nyingine kama ni kompyuta ya mezani, tafuta ukurasa wenye jina kama USB Configuration, Integrated Peripherals au Onboard Devices. Kwenye ThinkPad nyingi uko chini ya Security, kwa jina I/O Port Access. Ukikuta Disabled, kumbe poti ilizimwa tu! Hili si ajabu kwa mashine iliyowahi kutumika ofisini, maana ofisi nyingine huzima poti ili data isitolewe kwa flashi. Weka Enabled, hifadhi, jaribu tena. Hapo draiva yoyote ya Windows isingekusaidia, kwa sababu mlango ulifungwa kabla Windows haijafika.

Ikiwa imeandikwa Enabled, na kibodi hiyohiyo inafanya kazi kwenye poti nyingine, basi uwezekano mkubwa ni uharibifu wa kifaa: uchafu, pini iliyopinda au kiungio kilichoachia. Hapo nenda kwa fundi.

Tahadhari mbili. Kwanza, piga picha kila ukurasa kabla ya kubadilisha kitu, na usiguse mpangilio wa SATA. Ukiubadilisha, Windows inaweza kugoma kuwaka. Pili, kama diski yako imefungwa na BitLocker, hakikisha una ufunguo wake wa dharura, kwa sababu mabadiliko mengine ya BIOS huifanya iudai, na bila ufunguo huo mafaili yako hayafunguki. Ukiona umepotea, toka bila kuhifadhi, hakuna kitakachobadilika.

Ukifika kwa fundi, mwambie umeshapima nini na umeona nini. Hapo mtaanza kuzungumzia poti moja, si mazabodi nzima.