Kipakatalishi cha kukunja kinapogoma: Chunguza haya kabla ya kumlipa fundi

WENYE vipakatalishi vya kukunja katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi huenda wamewahi kukumbana na kisa hiki: mtambo unawaka vizuri, picha inaonekana, kiwambo kinaitikia kidole, lakini baobonye na kibao cha kugusia vimekufa ganzi.

Kwa mwanafunzi wa Kayole mwenye kazi ya chuo ya kuwasilisha asubuhi, au mfanyabiashara wa Umoja anayejaza ritani za ushuru usiku wa Juni 30, siku ya mwisho iliyowekwa na KRA, hilo si jambo dogo. Wengi hukimbilia kwa fundi, ambako huambiwa kwamba baobonye imeungua na sharti ibadilishwe. Pesa hutoka, ilhali pengine kasoro ilikuwa ya kuondolewa nyumbani bila kutumia hata senti moja.

Vipakatalishi hivi, ambavyo kiwambo chake huzunguka hadi nyuma na kuufanya mtambo uwe kama tableti, vilianza kupata umaarufu mwaka 2012 kampuni ya Lenovo ilipozindua Yoga. HP na Dell nazo zikafuata na aina zao. Leo, mitambo mingi ya namna hii inayouzwa katika maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue ni mitumba iliyotumiwa kwanza na shule na makampuni ya ng'ambo, ile ambayo wauzaji huiita 'Ex-UK'. Ni imara na bei yake ni nafuu, lakini bawaba zake zimekwisha kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi kabla ya kufika nchini.

Mtambo 'unapodanganyika'

Ili kuelewa tatizo hili, ni muhimu kufahamu jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Kiwambo kinapozungushwa kupita kiasi fulani, baobonye na kibao cha kugusia huzimwa makusudi. Lau visingezimwa, vidole vya anayeushika mtambo kwa nyuma vingekuwa vikibonyeza herufi bila yeye kukusudia.

Kazi ya kutambua mkao huo hufanywa na vihisi vidogo. Baadhi hupima mwelekeo wa kiwambo na wa sehemu ya chini, kisha mtambo hulinganisha vipimo hivyo. Vingine hutambua sumaku iliyofichwa pembeni mwa kiwambo. Hivi vya sumaku huitwa vihisi vya Hall, kwa jina la mwanafizikia Mmarekani Edwin Hall aliyegundua msingi wake mwaka 1879.

Kihisi kikipotoshwa, mtambo huamini kwamba umekunjwa ilhali umekaa wazi mezani. Sumaku ya kifuniko cha simu, kishikizo cha mkoba, spika ndogo au kipakatalishi kingine kilichowekwa chini yake inaweza kuleta mkanganyiko huo. Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kuondoa kila kitu chenye sumaku karibu na mtambo, kukifunga kiwambo kabisa, kisha kukifungua polepole kama kitabu.

Ikumbukwe kwamba baobonye na kibao cha kugusia kwa kawaida huunganishwa na bodi kuu kwa tepe tofauti. Vyote viwili vikifa kwa wakati mmoja, ni nadra sana iwe vimeharibika vyote kwa sadfa. Yamkini kuna sababu moja inayovihusu vyote: kihisi, programu au umeme uliokwama ndani. Lakini ikiwa ni herufi chache tu zilizokataa, hapo ni haki kushuku vumbi, chai au soda iliyomwagika.

Hatua za kufuata

Kwanza, tumia kiwambo cha kugusa kuhifadhi kazi iliyo wazi. Katika ukurasa wa kuingizia neno la siri, gusa alama ya huduma za usaidizi iliyo pembeni chini, kisha uchague baobonye ya kiwamboni. Hivyo utaweza kuandika kwa kidole. Asiyekuwa na kiwambo kinachoitikia aazime baobonye na kipanya vya waya vinavyochomekwa kwenye tundu la USB.

Pili, uanzishe mtambo upya kwa kuchagua 'Restart', wala si 'Shut down'. Katika Windows za miaka ya karibuni, kuzima kwa kawaida huacha sehemu ya mfumo ikiwa imehifadhiwa ili mtambo uwake haraka baadaye, na hitilafu huhifadhiwa pamoja nayo. Kuanzisha upya ndiko hufuta yote na kuanza ukurasa mpya.

Tatu, hilo likishindikana, uzime mtambo, uchomoe chaja na kila kilichochomekwa, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa muda wa sekunde 30 hivi. Umeme uliosalia ndani hutoka, na kidhibiti kinachosimamia baobonye huanza upya. Hatua hii hufaa hasa baada ya stima kupotea na kurejea kwa kishindo, jambo ambalo wakazi wa Eastlands hawahitaji kufafanuliwa.

Nne, hakikisha kwamba hukuzima kibao cha kugusia mwenyewe bila kujua. Mitambo mingi ina kitufe katika safu ya juu, chenye picha ya kibao hicho, kinachokizima na kukiwasha kikibonyezwa pamoja na Fn. Aidha, kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane huwasha huduma inayopuuza mibonyezo mifupi, na mtumiaji hudhani baobonye imeharibika.

Jaribio la kuamua

Jaribio linalotenganisha ugonjwa wa programu na ugonjwa wa mwili wa mtambo hufanywa katika BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Chomeka baobonye ya nje, washa mtambo na ubonyeze kitufe husika mara kadhaa: F10 kwa mitambo ya HP, F2 kwa ya Dell. Ukishaingia, jaribu mishale ya baobonye ya mtambo wenyewe. Usibadilishe chochote humo.

Mishale ikifanya kazi, baobonye ni nzima na kosa limo katika Windows. Rudi huko, bonyeza kwa muda alama ya kuanzia iliyo chini ya kiwambo, uchague 'Device Manager', kisha uondoe baobonye na kibao cha kugusia katika orodha na kuanzisha mtambo upya. Windows itazitafuta na kuzisimika upya programu zake. Ikibidi, pakua programu za vihisi kutoka tovuti ya kampuni iliyouunda mtambo.

Mishale isipofanya kazi, kuna uwezekano kwamba kihisi bado kimepotoka, utepe umelegea au baobonye yenyewe imekufa. Hapo ndipo fundi anahitajika.

Tahadhari mbili ni za lazima. Usisasishe BIOS mtambo ukiwa na chaji kidogo, kwa kuwa stima ikipotea katikati ya kazi hiyo, mtambo unaweza kukataa kuwaka kabisa. Pili, mitambo mingi hufunga data kwa kinga ya BitLocker, na mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya idai ufunguo wenye tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo huaga nyaraka zake zote.

Kwa fundi

Kabla ya kuukabidhi mtambo, nakili kazi zako kwenye flashi. Mweleze fundi majaribio uliyoyafanya na matokeo yake, kisha umwombe akague tepe na vihisi kwanza. Katika vipakatalishi vingi vya kukunja, baobonye imeshikizwa kwenye kifuniko kizima, na kuibadilisha ni kazi ghali. Ikiwa gharama inakaribia bei ya mtambo mwingine wa mitumba, baobonye ya nje huenda ikawa suluhisho la busara.

Iwapo kibao cha kugusia kimeinuka au mtambo umevimba chini, acha kuutumia na uchomoe chaja mara moja. Hiyo ni dalili ya betri ya lithiamu iliyofura, nayo inaweza kushika moto ikitobolewa au kukandamizwa. Usiitupe pamoja na taka za nyumbani zinazoishia jaa la Dandora, ambako kuna watu wanaochakura kwa mikono. Kituo cha WEEE Centre kilichoko Embakasi hupokea taka za aina hii.

Na kwa anayekwenda kununua, jaribio ni moja tu, nalo halichukui dakika. Uzungushe mtambo hadi uwe tableti, uurudishe ulivyokuwa, kisha uandike jina lako. Jina likionekana kiwamboni, toa pesa na udai risiti. Lisipoonekana, mrudishie mwenye duka mtambo wake.