Kukaa si Kufaa: Somo la Kuhamisha Ngao ya Upepo na Masanduku ya Pikipiki

Mwalimu wa shule ya msingi hupenda kumwona mtoto akitengeneza kitu kwa mikono yake. Mtoto akifunga boksi juu ya baiskeli, likakaza lisitikisike, mara nyingi sisi walimu humpongeza na kumwandikia alama nzuri. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba hapo somo huwa halijakwisha. Huwa ndiyo kwanza limeanza. Kitu kukaa mahali ni jambo moja, na kufaa mahali hapo ni jambo jingine.

Fundisho hili tulilipata kwa gharama. Katika miaka yetu ya mwanzo ya ualimu, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alitengeneza kisanduku cha mbao cha kubebea madaftari, akakifunga kwa bolti kwenye fremu ya baiskeli, mbele, karibu na usukani. Tulikitikisa kwa mkono, tukaona hakichezi, tukamsifu mbele ya wenzake. Hatukumwambia ageuze usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Jioni ile, kwenye mteremko, alipokata kona, mkono wa usukani uligota kwenye pembe ya kisanduku ukakwama. Alianguka, akavunjika mkono. Mtoto alikuwa ametenda kama tulivyomfundisha. Kosa lilikuwa letu.

Tangu hapo, tunapofundisha somo la kuhamisha kitu kutoka chombo kimoja na kukifunga katika kingine, hutumia mfano mmoja mkubwa ulio wazi, kisha hurudi kwenye baiskeli ya kijijini. Mfano huo ni wa pikipiki mbili za kale za Kijerumani.

1. Mfano wenyewe

Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitengeneza pikipiki aina ya R75/6 kati ya miaka ya 1973 na 1976. Pikipiki hiyo haikuwa na kitu cha kumkinga mpandaji na upepo. Mwaka 1976 kampuni hiyo hiyo ilitoa aina ya R100RS, iliyovikwa ngao kubwa ya plastiki kuanzia mbele ya taa hadi karibu na magoti ya mpandaji. Umbo la ngao hiyo lilipimwa katika handaki la upepo la Pininfarina huko Italia, yaani chumba kirefu ambamo upepo hupulizwa kwa nguvu juu ya chombo kilichosimama, ili mafundi waone jinsi hewa inavyokipita. 

Leo pikipiki hizo ni mali ya wapenzi wa vyombo vya kale. Mwenye R75/6 akipata ngao ya R100RS iliyokwisha kutumika, pamoja na masanduku ya pembeni ya safari, hutamani kuvihamishia kwenye pikipiki yake. Pikipiki hizi ni ndugu: zote zina silinda mbili zilizotokeza pembeni, moja kulia na moja kushoto, na fremu zao zafanana sana. Kwa macho, basi, kazi yaonekana kuwa ya spana na bolti tu. Hapa ndipo mwalimu awasimamishe wanafunzi na kuwauliza maswali manne kabla mtu hajagusa spana.

2. Swali la kwanza: Kitu hiki kilifanya kazi gani kule kilikotoka?

Kazi ya ngao ni kugawa hewa. Nguvu ya upepo unaomzuia mpandaji haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Ndiyo sababu ngao huwa na maana kubwa katika safari ndefu za kasi, na maana ndogo sokoni. 

Lakini ngao ya R100RS ilikuwa na kazi nyingine pia. Ilibeba taa kubwa ya mbele, na kwa ndani ilizunguka mita na usukani. Atakayeihamisha hahamishi ganda la plastiki peke yake, bali anahamisha nyumba ya vitu vingi. Katika R75/6 taa kubwa imeshikwa na foki, yaani miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele, na ndani ya taa hiyo ndimo zinamounganishwa nyaya nyingi za umeme wa pikipiki. Swichi ya ufunguo nayo i kando ya taa hiyo. Taa ya zamani ikiondolewa, maunganisho hayo hukosa makao, nayo hayana budi kutafutiwa mahali pakavu palipofunikwa.

3. Swali la pili: Nini kinachosogea, na kinasogea mpaka wapi?

Ngao hii hushikwa na fremu. Usukani na foki hugeuka, lakini ngao haigeuki. Usukani wa R100RS ulikuwa mfupi na wa chini, ukaweza kugeuka ndani ya ngao bila kugusa. Usukani wa R75/6 ni mpana na umeinuka zaidi. Ukiachwa ulivyo, vishikio na vidole vya mpandaji vitagonga plastiki kabla usukani haujafika mwisho wake. Kwa hiyo usukani mfupi nao huhamishwa pamoja na ngao. Usukani ukifupishwa, kebo za klachi, za breki na za mafuta huwa ndefu kupita kiasi, zikajipinda na kukwama, kwa hiyo nazo hubadilishwa. Wanafunzi na waone mnyororo huu: badiliko moja limezaa la pili, na la pili limezaa la tatu.

Vivyo hivyo nyuma. Masanduku ya pembeni hukaa kando ya gurudumu na juu ya ekzosi. Shokapu zinapobonyea, gurudumu hupanda. Yapasa kupima nafasi wakati pikipiki imebeba watu wawili na mzigo, si wakati imesimama tupu.

4. Swali la tatu: Uzito umehamia wapi?

Hili ni swali la hesabu, na linafaa sana kwa darasa la sita na la saba. Tuseme umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma ni sentimita 150. Sanduku la kilo 10 limefungwa juu ya keria, sentimita 30 nyuma ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Gurudumu la nyuma sasa ni kama mhimili wa bembea ya ubao: mzigo ulio nyuma yake huinua upande wa mbele.

10 × 30 = 300
300 ÷ 150 = 2

Gurudumu la mbele limepunguziwa kilo 2, na la nyuma linabeba kilo 12, ingawa sanduku lina kilo 10 tu. Sanduku hilo hilo likishushwa hadi kando ya kitovu cha gurudumu la nyuma, gurudumu hilo litabeba kilo 10 kamili, na la mbele halitapunguziwa kitu. Gurudumu la mbele ndilo linaloongoza njia. Likiwa jepesi mno, pikipiki huyumba mwendo unapokuwa wa kasi. Hivyo mizigo mizito huwekwa chini katika masanduku ya pembeni, ikalinganishwa kulia na kushoto, na juu ya keria huwekwa vitu vyepesi.

5. Swali la nne: Nini kimezibwa?

Injini za pikipiki hizi hupozwa na hewa. Silinda zake hutokeza pembeni ili zipate upepo, na ngao ya R100RS ilichongwa ili isizizibe. Ngao nyingine, au hiyo hiyo ikifungwa chini kuliko ipasavyo, yaweza kuinyima injini pumzi. Nyuma nako tutazame: je, masanduku yameziba taa za indiketa? Taa isiyoonekana na aliye nyuma ni sawa na taa iliyozimika.

6. Utaratibu wa kufunga

Maswali yakishajibiwa, kazi hufuata hatua hizi:

(a) Waya wa betri huondolewa kwanza, kisha tangi la petroli. Kila waya huwekewa alama kabla ya kuchomolewa.

(b) Vishikio vya chuma vya ngao hufungwa kwenye fremu kwa vibano. Fremu haitobolewi, tundu jipya huipunguzia nguvu mahali ambapo hatukupachagua kwa hesabu.

(c) Ngao hupachikwa, na bolti zote hutiwa kwa mkono tu, bila kukazwa. Tundu lisipolingana, kishikio ndicho kirekebishwacho. Plastiki ikivutwa kwa nguvu ya bolti, baadaye hupasuka kwenye tundu hilo kwa mtetemo wa injini. Washa za mpira husaidia kupunguza mtetemo huo.

(d) Vitu vyote vikishalingana, bolti hukazwa kidogo kidogo, upande huu na upande huu.

(e) Usukani hugeuzwa mpaka mwisho pande zote mbili. Kisha injini huwashwa ikiwa imesimama, na usukani hugeuzwa tena. Sauti ya injini ikipanda yenyewe, kebo ya mafuta inavutwa. Kazi isimame hapo mpaka kebo ipangwe upya.

(f) Taa, breki na indiketa hujaribiwa. Hufuata mwendo mfupi wa polepole, kisha bolti zote hukaguliwa tena.

Mwanafunzi aweza kuuliza: je, hakuna ngao moja inayofaa pikipiki zote? Swali hilo ni zuri, na jibu lake lina mafunzo. Katika miaka ya 1970, Craig Vetter wa Marekani alitengeneza ngao iitwayo Windjammer kwa ajili ya pikipiki za aina nyingi. Ganda lilikuwa moja, lakini vishikio vyake vilitengenezwa kulingana na kila aina ya pikipiki. Hata yeye aliyekusudia kitu cha wote hakuweza kukwepa kupima kila fremu.

7. Namna ya kulifundisha somo hili

Shule yetu haihitaji pikipiki ya Kijerumani. Zana zatosha: baiskeli moja, boksi la karatasi ngumu, kamba, futikamba, na mfuko wa mchanga wa kilo 10. Baiskeli isiendeshwe kabisa wakati wa somo. Wanafunzi wawili waishike wima.

Kundi la kwanza likate ngao ya karatasi na kuifunga kwenye fremu, kisha ligeuze usukani na kuweka alama ya chaki mahali unapogusa. Kundi la pili lifunge mfuko wa mchanga juu ya keria, nyuma kabisa. Mwanafunzi mmoja ainue gurudumu la mbele kabla na baada ya mzigo, aeleze tofauti aliyoihisi. Kisha wafanye hesabu kwa vipimo vya baiskeli yao wenyewe. Kundi la tatu litafute kilichozibwa: kioo cha kuakisi mwanga cha nyuma, kengele, breki.

Mwalimu asitoe majibu mapema. Mtoto akisema, "Imekaza," tumuulize, "Na ukigeuza?" Akisema, "Haigusi," tumuulize, "Na ukipakia mzigo?" Alama zitolewe kwa maswali aliyouliza mtoto kabla ya kufunga, kama zinavyotolewa kwa kazi iliyokamilika. Sisi hatukufanya hivyo siku ile ya kisanduku, na majuto ni mjukuu.

Maswali ya kujadili chuoni

1. Chagua kitu kimoja ambacho watoto wa eneo lako hufunga kwenye baiskeli au mkokoteni. Andika maswali manne ya makala haya kwa kukihusu kitu hicho.

2. Baiskeli ina sentimita 100 kati ya vitovu vya magurudumu. Mzigo wa kilo 15 umewekwa sentimita 20 nyuma ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Gurudumu la mbele limepunguziwa kilo ngapi?

3. Mwanafunzi amekuletea kazi iliyofungwa vizuri sana lakini ya hatari. Utamwambia nini kwanza, na utamwambia mbele ya nani?