Foleni ya uhamiaji huanzia nyumbani

Ndugu zetu wa Pwani walioko viwandani Thika na Ruiru huniuliza: vipi nipite haraka uhamiaji pale JKIA nikienda kufanya kazi Ghuba?

Jibu liko mkobani. Pasipoti iwe imebakisha miezi 6 au zaidi. Viza, tiketi na mkataba vichapishe, simu huzima. Msongamano wa Eastern Bypass mwaujua, basi fikeni masaa 3 kabla ya ndege.

Kubwa zaidi, usome mkataba wako. Afisa atakuuliza waenda wapi, kwa mwajiri gani, kazi gani. Ukijibu "wakala ndiye ajuaye," utawekwa kando, na ndege haimngoji mtu. Maswali hayo si uadui. Asiyemjua mwajiri wake hapa, akidhulumiwa kule atamshtaki nani?