Njaa ya Mwenye Jembe na Njaa ya Mwenye Kiti

Ni nani kati yetu asiyemjua kijana wa namna hii? Alikua kijijini, akilima pamoja na baba yake, akipanda na kushuka vilima na mzigo begani. Jioni sahani yake ilijaa bukari na maharagwe, naye aliimaliza yote; hata hivyo mwili wake ulikuwa mwembamba na wenye nguvu. Halafu akasoma, akapata cheti, akaitwa mjini kuwa karani. Baada ya miaka michache anarudi kuwasalimia wazee, na suruali ya zamani haimwingii tena. Akipanda kilima cha nyumbani anasimama mara tatu apumue. Tukimwuliza, anajibu kwa moyo mweupe: « Ninakula kama zamani tu, sikuongeza hata tonge moja. »

Hasemi uongo, na hapo ndipo penye shida yake. Kazi ya mwili imepungua, lakini njaa haikupungua pamoja nayo. Leo tunataka kueleza jinsi kazi ya mwili inavyoiongoza hamu ya chakula, na jinsi njaa inavyoweza kutudanganya, sisi tunaoketi sana na sisi tunaochoka sana.

KIWANDA CHA MAGUNIA

Wengi hudhani kwamba tumbo ni mtumishi mwaminifu: mtu akifanya kazi nyingi, tumbo hudai chakula kingi, akifanya kidogo, hudai kidogo. Je, ni kweli?

Mwaka 1956 Jean Mayer, mtaalamu wa chakula mzaliwa wa Ufaransa, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Harvard huko Marekani, alitangaza pamoja na wenzake habari za uchunguzi uliofanywa katika Bengal ya Magharibi, nchini India. Walichunguza wanaume 213 wa kiwanda cha juti, yaani nyuzi za kutengenezea magunia. Mahali hapo palifaa sana, maana watu wa kila namna ya kazi walikuwa pamoja: wachuuzi walioketi vibandani kutwa nzima, makarani, wafumaji, na wachukuzi wa mizigo mizito.

Waliona nini? Kwa wale waliofanya kazi ya mwili, tangu kazi nyepesi mpaka nzito kabisa, tumbo lilikuwa mtumishi mwaminifu kweli: kadiri kazi ilivyozidi, ndivyo chakula kilivyozidi. Lakini walioketi kutwa hawakula kidogo kuliko wote, kama tungalivyodhani. Walikula kupita wenzao wenye kazi nyepesi, na miili yao ilikuwa mizito zaidi.

Ni kweli kwamba uchunguzi mmoja wa namna hii hautoshi kukata kila neno, maana watu wanatofautiana kwa mambo mengi, si kwa kazi peke yake. Lakini wataalamu wa siku zetu, walipolinganisha uchunguzi mwingi wa baadaye, wameona mfano unaofanana na ule: hamu ya chakula hufuata vizuri zaidi mahitaji ya mwili kwa mtu mwenye kuutumia mwili wake. Kwa mtu wa kiti, kamba hiyo hulegea. Anakula kwa sababu saa imefika, kwa sababu chakula kipo, au kwa sababu wenzake wanakula. Ziada ya kila siku ni ndogo, wala haionekani. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

BAADA YA MPIRA

Wanafunzi wanaweza kutuuliza: « Kama ni hivyo, mbona tukitoka uwanjani hatutamani kula, bali maji tu? » Swali hilo ni zuri. Mtu anapokimbia kwa nguvu, damu nyingi huenda kwenye misuli, na sehemu ya tumbo hupata kidogo. Tena, mwaka 1999 wataalamu wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa pamoja na wenzao, walitangaza kwamba wamegundua kitu kinachotoka tumboni na kupita katika damu mpaka kwenye ubongo, kuuambia: « Tunataka chakula. » Kitu hicho kinaitwa grelini. Mazoezi ya nguvu humnyamazisha mjumbe huyo kwa muda, mara nyingi kwa saa moja hivi. Basi mchezaji anayesukuma sahani kando dakika kumi baada ya mchezo si mgonjwa. Apewe maji, apumzike kidogo, naye atakula.

Deni la mwili hulipwa polepole. Mwaka 1955 wataalamu wa Uingereza walitangaza habari za vijana wa chuo cha jeshi, ambao kazi yao na chakula chao vilipimwa siku kwa siku. Siku ya kazi ngumu vijana hawakula zaidi kwa sababu ya kazi ya siku ile. Nyongeza ilionekana siku mbili baadaye. Waliopima tena miaka iliyofuata hawakukuta siku mbili zilezile, lakini jambo kubwa limebaki: njaa huchelewa nyuma ya kazi.

Hapa tuwe na akili. Wako wanaotembea siku moja kwa juma, kisha hujilipa papo hapo kwa chupa kubwa ya bia. Chupa ya santilita 72 ina kalori karibu 300. Mtu wa kilo 70 hupata shida kuzimaliza hizo kwa saa nzima ya kutembea upesi! Alichokitoa kwa jasho amekirudisha kwa dakika chache, naye hushangaa kwamba mkanda haulegei.

NJAA INAPONYAMAZA

Lakini kuna upande wa pili, na katika nyumba zetu nyingi ndio ulio mzito zaidi.

Mwaka 1954, kabla ya habari za kile kiwanda, Mayer na wenzake walikuwa wamewachunguza panya waliokimbizwa kila siku kwa muda mbalimbali. Waliokimbia chini ya saa moja hawakula zaidi ya wale waliokaa tu. Waliokimbia tangu saa moja hadi saa kama sita walikula zaidi kadiri ya kazi yao, na uzito wao ulidumu. Lakini waliokimbizwa kupita hapo walichoka mno. Badala ya kula zaidi walikula kidogo, wakakonda.

Mtu si panya. Walakini, tumtazame mama anayeamka kabla ya jua, anayelima mpaka alasiri, kisha anapanda kilima na kuni au muhogo mgongoni, ukanda ukimbana kipaji cha uso. Akifika anapika. Baba anakula, watoto wanakula, na mwisho mama anasema: « Mimi nimeshiba uchovu. » Nasi twamsadiki! Hatuulizi kama ni kweli ameshiba, au kama njaa yake imenyamazishwa na uchovu. Huyo ndiye aliyefanya kazi kupita wote, na sahani yake ndiyo ndogo kuliko zote. Akiwa na mimba au ananyonyesha, madhara ni ya watu wawili.

Vilevile mtoto anayetembea mwendo mrefu kwenda shule bila kula kitu. Akifika hasemi kwamba ana njaa. Anasinzia tu juu ya daftari, na mwalimu anamhesabu kuwa mvivu.

YATUPASA KUFANYA NINI?

Kwa mtu wa kiti: asilitegemee tumbo peke yake kumpimia. Apunguze sahani kidogo, ale polepole, aache kula kabla hajajaa mno. Na kila siku aurudishie mwili kazi yake: aende kwa miguu panapowezekana, ashike jembe nyuma ya nyumba. Mazoezi ya kila siku yana faida kwa moyo na kwa damu, hata kama uzito haupungui upesi, nayo husaidia kuuzuia ugonjwa wa sukari.

Kwa mwanafunzi: ale kitu asubuhi, hata kama ni kiazi cha jana. Baada ya mchezo anywe maji, kisha ale chakula cha kweli, si pipi.

Kwa baba wa nyumba: kabla ya kunyosha mkono katika bukari, aangalie ni nani siku hiyo aliyebeba mzigo mzito kuliko wote. Sehemu ya huyo itengwe kwanza, nyama au samaki ikiwamo, na itunzwe mpaka uchovu upungue na njaa yake irudi. Akisema ameshiba, aambiwe kwa upole: « Pumzika kwanza, mama, chakula chako kipo. »