Fahamu: Kwa nini nusu marathoni ya Pwani huchosha zaidi

Nusu marathoni ni kilomita 21.0975 popote inapokimbiwa, lakini Dar es Salaam au Mombasa huutesa mwili zaidi. Kwa nini?

Jasho haliupoozi mwili kwa kutoka tu, bali kwa kukauka. Hewa ya Pwani imejaa unyevu, hivyo jasho hutiririka hadi viatu vikalowa, na joto hubaki mwilini. Moyo nao hulazimika kupeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa wakati mmoja, ndiyo maana mapigo hupanda hata kwa mwendo uliouzoea.

Hata mabingwa hawasalimiki. Machi 2007, katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika mjini Mombasa, bingwa mtetezi Kenenisa Bekele wa Ethiopia alishindwa kumaliza kilomita 12. Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa taji.

Ufanye nini?

- Uzoeshe mwili joto kwa siku 10 hadi 14 kabla ya mbio, ukianza taratibu.
- Punguza kasi tangu kilomita ya kwanza.
- Kunywa kadiri ya kiu. Maji ya kupita kiasi hupunguza chumvi kwenye damu, na hilo ni hatari.

Mwenzako akiyumba au akiongea yasiyoeleweka, usimwache aendelee. Mpeleke kivulini, mmwagie maji baridi mwili mzima, mpepee, na uite wahudumu wa afya papo hapo. Kiharusi cha joto huua, na dakika za mwanzo ndizo zinazookoa.