Akwariumu kubwa ya samaki wa Tanganyika: maji kwanza, samaki nyuma

Kwa wakaaji wengi wa Uvira, Baraka, Kalemie ao Moba, ziwa Tanganyika ni ndagala na mikebuka. Lakini kandokando ya ziwa, kwenye majiwe, kuko samaki wengine wadogo wenye rangi: wa manjano, wa bluu, wengine wenye mistari kama punda milia. Ni wa jamii moja na tilapia. Ziwa lina aina zao zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani pengine duniani. Huko Ulaya na Marekani, wenye kufuga samaki nyumbani wanalijua jina la Moba juu ya samaki mmoja tu: frontosa, wa bluu, mwenye nundu kwenye kipaji.

Mkaaji wa mashariki ya Congo anaweza pia kuwafuga, katika sebule, hoteli ao shule. Ila kuko jambo moja lenye kuamua kama samaki wataishi ao watakufa mwezi wa kwanza: ni maji, na uvumilivu wa kuyangojea.

Bahari ao ziwa?

Picha nyingi za akwariumu zinazozunguka kwenye simu ni za bahari, zenye matumbawe. Hiyo ni kazi ya pesa nyingi. Kila lita ya maji inaomba karibu gramu 35 za chumvi ya pekee. Kwa tangi la lita 500 ni kilo 17 na nusu, na kila mara maji yakibadilishwa inaombwa chumvi nyingine tena. Chumvi ya jikoni haiwezi kuchukua nafasi yake. Matumbawe yanahitaji pia taa kali kila siku. Mwenye kuishi karibu na Tanganyika anaweza kupata uzuri wa namna hiyo kwa majiwe, mchanga na samaki wa ziwa lake mwenyewe.

Uzito wa tangi

Tangi la urefu wa metre 2, upana wa sentimetre 50 na kimo cha sentimetre 50 linabeba lita 500. Maji peke yake ni kilo 500. Vioo vya milimetre 12 vinaongeza kilo zaidi ya 100. Ukitia mchanga na majiwe, jumla inaweza kupita kilo 700, kwenye mafasi ndogo kuliko kitanda cha mtu mmoja.

Meza ya kawaida haitabeba mzigo huo, na sakafu ya mbao ni hatari. Inafaa meza ya chuma iliyochomelewa vizuri, ao ukuta mfupi wa matofali juu ya sakafu ya simenti, iliyopimwa kwa nivo. Chini ya kioo kunawekwa frigolite, ili punje ya mchanga ama kajiwe kasije kakapasua kioo. Vioo vinaunganishwa kwa silikone ya akwariumu, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, juu dawa hiyo inaua samaki. Kisha tangi linajazwa maji na kuachwa siku kadhaa, kuona kama linavuja.

Majiwe makubwa yanawekwa chini kwanza, mchanga unafuata nyuma. Samaki wengi wa Tanganyika wanachimba. Jiwe lililokaa juu ya mchanga litachimbwa chini yake, litaanguka, na kioo kitavunjika.

Maji yanahitaji wiki nne hadi sita

Hapa ndipo wengi wanapoteza samaki. Tangi linajazwa leo, samaki wanaingizwa kesho, na kisha wiki moja wanaelea juu wamekufa. Maji yanaonekana safi, na watu wanasema ni bahati mbaya. Kumbe ni sumu.

Mavi ya samaki na chakula kinachobaki vinatoa amonia. Katika tangi lililokomaa, bakteria fulani wanageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na hatari kubwa kama ikiwa kidogo. Bakteria hao wanakaa ndani ya filtre, kwenye sifongo na majiwe. Kwa kuzaana vya kutosha wanahitaji wiki nne hadi sita.

Kwa samaki wa Tanganyika jambo hili ni kali zaidi. Maji ya ziwa hilo ni ya alkali, pH yake inakaa karibu na 9. Kwenye pH 7 na joto la digri 25, sehemu ya amonia yenye kuua haifiki hata moja kwa mia. Kwenye pH 9 inapita sehemu moja ya tatu. Uchafu ni uleule, lakini hatari ni mara nyingi zaidi.

Njia ni rahisi. Tangi linawashwa na filtre yake bila samaki. Ndagala mbili tatu zinatiwa ndani zioze, ziwe chakula cha bakteria. Mwenye vipimo anangoja mpaka amonia na nitriti zifike sufuri. Asiye na vipimo amalize wiki sita, abadilishe sehemu kubwa ya maji, kisha aanze na samaki wachache.

Baadaye, kila wiki lita 60 hadi 100 zinabadilishwa, ni kusema bidoni tatu hadi tano. Maji ya bomba yanaachwa wazi siku nzima ili klore itoke. Maji ya mvua peke yake hayafai, ni laini mno. Sifongo ya filtre inaoshwa kwa maji ya tangi lenyewe, kwa sababu klore ya bomba inaua bakteria.

Kolera bado iko Uvira na Kalemie. Mwenye kuchota maji ya ziwa anawe mikono kwa sabuni, na asinyonye mpira kwa mdomo wakati wa kutoa maji katika tangi.

Umeme ukikatika

Usiku mmoja bila umeme unaweza kumaliza samaki wote, kwa kukosa hewa. Pompe ndogo ya hewa inakula wati chache tu. Batri ya volti 12 pamoja na panneau solaire ndogo inaweza kuifanyisha kazi usiku kucha. Pompe hiyohiyo inaendesha filtre ya sifongo, kwa hiyo bakteria nao wanabaki hai. Siku ya kukosa umeme, samaki wasipewe chakula. Filtre iliyofungwa, kama imesimama masaa mengi, ioshwe kabla ya kuwashwa tena, la sivyo itamwaga uchafu uliooza ndani ya tangi.

Uvira na Kalemie kwa kawaida hazihitaji mashine ya kupasha maji. Bukavu na Goma ziko juu zaidi na usiku ni baridi. Huko inafaa kulinda joto la digri 25.

Samaki gani?

Frontosa anapita sentimetre 30 na anakula samaki wadogo, basi asichanganywe nao. Tropheus wanakula ukoga wa majiwe. Wakipewa nyama, tumbo linavimba na wanakufa. Wakiwa wachache wanapigana mpaka kifo, ndiyo maana wanafugwa 15 ao 20 pamoja. Kwa mwenye kuanza, rahisi zaidi ni wale wadogo wenye kuishi ndani ya magamba matupu ya konokono, ao brichardi, ambao watoto wakubwa wanasaidia kulinda wadogo zao.

Kutoa bila kumaliza

Tropheus hapendi kuvuka mchanga mpana. Kwa hiyo kila kipande cha pwani chenye majiwe kina ukoo wake na rangi yake. Jike anatamia mayai machache tu mdomoni. Wavuvi wakimaliza samaki wa kipande kimoja, wengine hawaji kuchukua mafasi yao upesi, na rangi hiyo inaweza kupotea kabisa. Afazali kuomba ruhusa kwa watumishi wa serikali wenye kuhusika na uvuvi, kuchukua wachache, na kuwazalisha nyumbani.

Na wakizidi, wasimwagwe katika ziwa lingine wala mto. Sambaza wa ziwa Kivu walitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wanalisha familia nyingi, lakini waligeuza pia maisha ya vidudu vidogo vya ziwa hilo, na hakuna mtu anayeweza kuwarudisha walikotoka. Samaki wanaozidi wapewe mfugaji mwingine, pamoja na kipande cha sifongo ya filtre chenye bakteria: tangi lake litakomaa upesi zaidi.