Fahamu: Zulia la kale la Uajemi utalitambuaje?

Agosti 2018 Marekani ilirudisha marufuku ya kuingiza mazulia kutoka Iran, baada ya kuyaruhusu kwa muda kuanzia 2016. Hamu ya wanunuzi ilikuwa kubwa hata kabla ya hapo. Mwaka 2013, mnada wa Sotheby's jijini New York uliuza zulia moja la karne ya 17 kwa dola milioni 33.7!

La kuweka sebuleni halifiki bei hiyo, ila ulaghai haukosekani. Usihadaike na uso wa zulia, ligeuze. Lililofumwa kwa mkono huonyesha nakshi mgongoni karibu kama mbele, na mafundo yake hayalingani sawasawa. Matamvua ni ncha za nyuzi za mtande zenyewe. Yakiwa yameshonewa, huenda limetoka kiwandani au limekarabatiwa.

Wapo wanaozeesha zulia jipya kwa chai au dawa. Tenganisha manyoya kwa vidole: uzee wa kweli hufifisha rangi taratibu kutoka nchani kwenda shinani. Kuchakaa kidogo si neno. Kinachotisha ni pamba iliyooza ndani. Likunje polepole, ukisikia nyuzi zinakatika, usilinunue hata kwa nusu bei.